Kuchonga Ngalawa Ndogo Pamoja na Watoto

Utangulizi

Katika skuli nyingi za msingi kazi za mikono huwekwa mwisho wa ratiba, wakati wa jua kali, watoto wamechoka na mwalimu amechoka zaidi. Mwalimu huandika ubaoni jina la kitu kinachotakiwa, huwaagiza watoto wakilete wiki ijayo kikiwa tayari, kisha hukitia alama. Vitu huja kweli: miiko iliyonyooka, mbuzi za kukunia nazi zilizopigwa msasa zikang'aa. Lakini aliyechonga ni baba, au kaka, au fundi wa jirani aliyelipwa. Mtoto amejifunza kubeba tu.

Makala haya yanakusudia kumwonyesha mwalimu mwanafunzi njia nyingine, nayo ni kuchonga pamoja na watoto, pale pale skulini, mwalimu naye akiwa na kisu na kipande chake cha mti. Uchongaji ni ufundi, lakini pia ni uraibu, yaani kazi ambayo mtu huifanya kwa kuipenda hata kama hakuna anayemlazimisha. Mapenzi ya namna hiyo hayaji kwa amri. Mtoto huyapata kwa kukaa karibu na mtu mzima anayeifurahia kazi mbele ya macho yake. Mfano tutakaoutumia ni ngalawa ndogo ya kuchezea.

Kwa nini ngalawa?

Kwanza, mtoto wa Pemba haelezwi ngalawa ni nini. Kojani, Tumbe, Kisiwa Panza na katika vijiji vingine vya pwani ameiona ikisukumwa majini alfajiri. Ni chombo cha mti mmoja uliochimbwa ndani, mara nyingi mwembe, kikawekewa ndubi pande zote mbili ili kisipinduke. Ufundi wa kuchimba mti katika pwani yetu ni mkongwe. Kitabu cha safari za baharini kiitwacho Periplus, kilichoandikwa kwa Kiyunani katika karne ya 1, kinataja kisiwa cha Menouthias ambacho watu wake walikuwa na vyombo vya kushonwa na mitumbwi ya mti mmoja, wakivua samaki na kasa. Baadhi ya wataalamu hudhani kuwa kisiwa hicho ni Pemba, wengine Unguja, wengine Mafia. Ndubi nazo zinatuunganisha na mabaharia wa ng'ambo, maana vyombo vya aina hiyo huonekana pia Komoro, Madagaska na Indonesia.

Pili, na hii ndiyo sababu kubwa, ngalawa hupimwa na maji. Mwiko uliopinda waweza kusifiwa na mwalimu mpole au kukataliwa na mwalimu mkali, na mtoto asijue kwa nini. Ngalawa iliyochongwa zaidi upande mmoja huinama, na mtoto huliona kosa kwa macho yake bila ya kuambiwa. Ngalawa ya mwalimu nayo huinama vile vile ikiwa hakuipima. Mbele ya beseni la maji mwalimu si mkaguzi tena, ni mwenzi wa kazi. Hapo ndipo raha ya kuchonga pamoja huanzia.

Tatu, kazi ikishakwisha mtoto huwa na kitu cha kuchezea. Hakitupwi kabatini baada ya kutiwa alama.

Waliotutangulia

Wazo la kufundisha uchongaji katika skuli za watoto lilipata nguvu huko Ulaya ya Kaskazini katika karne ya 19. Finland, kwa juhudi za Uno Cygnaeus, iliingiza kazi za mikono katika skuli zake za msingi mwaka 1866. Katika nchi ya Sweden, Otto Salomon aliwafunza walimu wa nchi nyingi katika chuo cha Nääs. Kanuni zake zatufaa hadi leo: anza na kisu kabla ya vyombo vingine, toka katika kazi nyepesi kwenda nzito, chagua vitu vyenye matumizi, na mtoto akitengeneze kitu chake mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho. Hapa Tanzania, Mwalimu Julius Nyerere katika maandishi yake ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 alisisitiza kuwa kazi ya mikono ni sehemu ya elimu yenyewe.

Mti na vyombo vya kazi

Kwa madarasa ya chini, la 1 hadi la 3, mti bado ni mgumu mno. Wape kipande cha shina la mgomba au muhogo mbichi na kisu butu cha mezani. Watajifunza kuondoa kidogo kidogo, na kwamba kilichokwisha kuondolewa hakirudi.

Kwa darasa la 5 na la 6 tafuta mti mwepesi usio na mafundo: tawi la msufi au la mwembe lililoanguka au lililopogolewa. Mikarafuu isiguswe. Wala mtoto asitumwe kukata mikoko au kuingia katika Msitu wa Ngezi kwa ajili ya kazi hii. Somo linaloharibu miti ya kisiwa halina faida. Mti mbichi huchongeka kwa urahisi, lakini hupasuka upesi ncha zake kwa kuwa maji hutoka haraka mwishoni mwa nyuzi za mti. Kwa hiyo paka nta kwenye ncha zote mbili, na baada ya kila kipindi uhifadhi vipande kivulini, mbali na upepo.

Kila watoto 4 wawe na visu 2 vifupi, patasi 1 yenye ulimi wa duara, ambayo mafundi huiita bobari, nyundo ya mti 1 na kinoo. Msumeno na tezo vikae kwa mwalimu. Msasa wa dukani ni mzuri, lakini majani makavu ya mti wa msasa, ambao ndio wenye jina hilo, hulainisha vizuri pia.

Usalama

Kisu butu kina hatari kuliko kisu kikali, kwa sababu mtoto hukisukuma kwa nguvu kisha kikateleza. Hivyo somo la kwanza la kisu ni kunoa. Baada ya hapo fundisha kanuni tatu na uzirudie kila kipindi: kisu huelekea mbali na mwili, hakuna mtu aliye ndani ya urefu wa mkono wa mwenzake, anayesimama huweka kisu chini kwanza. Wakati wa kuchimba ndani, kipande kisishikwe kwa mkono. Kibanwe baina ya vigingi 4 vilivyopigwa ardhini. Mwalimu mwenye watoto 50 asiwachongeshe wote kwa wakati mmoja. Nusu wachonge, nusu wachore, wapime au washone matanga, kisha wabadilishane.

Hatua za somo

Mpango huu ni wa wiki 6, vipindi viwili vilivyounganishwa kila wiki.

Wiki ya 1: Kuangalia na kuchora. Wapeleke watoto dikoni waitazame ngalawa ya kweli. Wapime kwa shubiri: urefu, upana, mahali pa mlingoti. Wajifunze majina: omo, tezi, mlingoti, foramali, tanga, usukani, mirengu, yaani miti miwili inayopita juu ya chombo, na ndubi, yaani mbao za kando zinazogusa maji. Majina hutofautiana baina ya kijiji na kijiji. Andika kama watu wa hapo wasemavyo.

Wiki ya 2: Kuweka alama. Kila mtoto achukue kipande chenye urefu wa sm 30, upana wa sm 8 na kina cha sm 6. Apige mstari wa katikati juu, chini na kwenye ncha zote mbili. Mstari huu usifutwe mpaka mwisho, maana ndio unaomwonyesha kama pande mbili zimelingana. Mwalimu aondoe pembe kubwa kwa msumeno.

Wiki ya 3: Kuchonga nje. Hapa mtoto hukutana na nyuzi za mti. Achonge kutoka katikati, penye unene, kwenda omo na kwenda tezi. Akienda kinyume kisu huzama na kipande kikubwa hubanduka. Mwache ajaribu njia zote mbili kwenye kipande cha kutupa, ili mkono wake uhisi tofauti.

Wiki ya 4: Kuchimba ndani. Sasa mwelekeo hubadilika: bobari huanza kwenye ncha na kuteremka kuelekea katikati. Ukuta ubaki na unene wa kama sm 1. Apime kwa kuubana baina ya kidole gumba na cha shahada kila baada ya kuondoa kidogo.

Wiki ya 5: Mirengu, ndubi, mlingoti na tanga. Upongoo wa mwale hufaa kwa ndubi kwa kuwa ni mwepesi. Mirengu ifungwe kwa uzi, isipigwe misumari. Tanga la pembe tatu lishonwe kwa kanga chakavu. Watoto wa kike wasiachiwe kushona tu, wala wa kiume wasisamehewe sindano. Kila mtoto hufanya kazi zote.

Wiki ya 6: Majini. Jaribuni kwanza katika beseni. Ngalawa ikiinama, mtoto aseme upande upi ni mzito, apunguze, ajaribu tena. Hapa ndipo mwalimu wa Sayansi aelezapo kuelea, na wa Jiografia aulizapo kama upepo wa siku ile ni kaskazi au kusi. Kisha nendeni pwani maji yakiwa yametoka, kwenye kidimbwi kisichopita magoti, pamoja na watu wazima wa kutosha, mkazishindanishe.

Mkono wa mwalimu

Katika wiki ya 3 au ya 4 atatokea mtoto aliyekwama. Atanyoosha kipande chake na kusema, "Mwalimu, nimalizie." Jambo hili ni dogo, lakini somo zima hutegemea jibu lako. Ukikichukua na kumchongea, kitapendeza, naye ataondoka akijua kuwa kitu kizuri hutoka katika mikono ya mtu mwingine. Atakuwa amerudi pale pale pa mwiko wa baba. Ukimkaripia, atajificha nyuma ya wenzake.

Jibu linalofaa ni hili: "Hebu nionyeshe kisu kinagoma wapi." Akishakuonyesha, chukua kipande chako wewe, tafuta mahali panapofanana na pake, uchonge polepole yeye akitazama. Kisha umwachie arudi kwenye kazi yake. Hii ndiyo sababu mwalimu hapana budi awe na ngalawa yake mwenyewe. Salomon naye aliwataka walimu wasitie mkono katika kazi ya mwanafunzi. Mwalimu asiye na kipande chake hana pa kuonyeshea ila kwenye kazi ya mtoto.

Kumwalika fundi

Karibu kila kijiji cha pwani kina mzee anayejua kuunda au kutengeneza vyombo. Mwendee nyumbani kwake, umwamkie, umweleze haja yako kwa adabu. Usimwite kwa barua kama mtumishi. Akifika, watoto wamwamkie "Shikamoo, Babu", wakae kimya watazame mikono yake. Usitarajie hotuba. Zamani mwanagenzi alianza kwa kufagia vumbi la mbao na kunoa vyombo, akajifunza kwa kutazama kabla ya kuuliza. Kazi yako ni kuwauliza watoto baadaye: Babu alisimama wapi? Kwa nini aligeuza mti? Kwa nini alipaka sifa kabla ya kuondoka?

Kutoa alama

Ikiwa skuli yataka alama, usizitoe kwa uzuri wa chombo wala kwa ushindi wa mbio. Jiulize mambo matatu: Je, mtoto amechonga mwenyewe? Je, aweza kueleza alibadilisha nini baada ya kujaribu majini? Je, ametunza vyombo vya kazi na kumwachia mwenzake zamu yake? Mtoto ambaye ngalawa yake ilizama mara tatu na kila mara akajua sababu, amejifunza kuliko aliyebahatisha mara moja.

Hitimisho

Miembe mikubwa ya kutosha ngalawa nzima haipatikani kwa wepesi, na boti za faiba zimeongezeka katika madiko. Wengi wa watoto hawa huenda wasichonge chombo kikubwa maishani mwao. Hata hivyo, mtoto aliyeondoa mti kidogo kidogo, akapima, akakosea, akasawazisha, amepata desturi ya kuikagua kazi yake mwenyewe, nayo itamfaa katika hesabu, katika insha na katika ukulima. Nawe, mwalimu mwanafunzi, utakuwa umekaa nao vipindi kumi na viwili ukifanya kazi ile ile wanayoifanya wao.

Maswali na mazoezi

1. Chonga ngalawa moja kamili kabla ya kwenda mazoezi ya kufundisha. Andika mahali ulipokwama na namna ulivyojinasua.

2. Kwa nini tunachonga nje kutoka katikati kwenda kwenye ncha, na ndani kutoka kwenye ncha kwenda katikati?

3. Skuli yako iko mbali na pwani. Chagua kitu kingine cha kuchonga ambacho mtoto aweza kukipima mwenyewe, na ueleze atakipima vipi.

4. Jadilianeni: Mzazi amekuja kulalamika kuwa mwanawe apewa kisu badala ya kitabu. Mtamjibu nini, na mtamwonyesha nini?