SIKU YA KUEZUA PAA



Kila mwaka kuanzia mwezi wa sita, ukipita barabara ya Bunda kwenda Musoma utaona mabati mapya yanang'aa huku na huku. Masika yamekwisha, nyasi zimekauka, pamba inauzwa. Ndio wakati wa watu kubadili mapaa. Mmoja anaondoa nyasi ili aweke bati. Mwingine anaondoa bati la zamani lililoliwa na kutu. Katika somo la leo tutaona mambo yanayompata mwenye nyumba tangu siku ya kupima mpaka siku fundi anapochukua ngazi yake kwenda kwao.

Nianze na habari ya mama mmoja, mwanakisomo wetu katika kijiji kimoja cha Bunda. Mama huyu ni mjane. Aliweka akiba kwa misimu mitatu ya pamba. Fundi akamwambia, "Mama, nyumba hii inataka mabati 45. Nipe hela nikanunue." Akatoa zote. Jumatatu fundi akaezua nyasi. Jumatano akaleta mabati 20, akasema mengine yako njiani. Hayakufika. Huo ulikuwa mwisho wa mwezi wa tisa. Mvua ya kwanza ya vuli ikanyesha usiku. Kuta za matofali mabichi zikalowa, ukuta wa nyuma ukaanguka, na magunia mawili ya mtama yakaota ndani ya nyumba. Watoto walilala kwa jirani mpaka Krismasi.

Nilipomtembelea aliniambia, "Mwalimu, kuandika najua. Lakini siku ile sikuandika kitu."

HESABU YA MABATI

Tuliipima nyumba ile pamoja na darasa zima, kwa kamba na futi ya seremala. Fuata hesabu yetu, uweke kalamu na karatasi karibu.

Nyumba ina urefu wa mita 8 na upana wa mita 6. Paa lazima litokeze nje ya ukuta ili mvua isipige matofali. Tukaongeza nusu mita kila upande. Sasa paa lina urefu wa mita 9 na upana wa mita 7. Paa lina migongo miwili, mmoja mbele na mmoja nyuma. Tuliweka kamba kutoka kileleni mpaka mwisho wa paa, ikatupa mita 3 na sentimita 81.

Bati la dukani lilikuwa na urefu wa mita 3. Halitoshi. Basi chini yake lazima tuweke kipande cha mita 1. Bati la juu lipande juu ya kipande hicho kwa sentimita 15, maana likipanda pungufu ya hapo upepo husukuma maji ndani. 3 na 1 ni 4, toa sentimita 15, inabaki mita 3 na sentimita 85. Inatosha, na kidogo kinabaki kumwagia maji mbali.

Upana je? Kila bati hupanda juu ya jirani yake. Upana uliobaki baada ya kupandana ulikuwa sentimita 75. Mita 9 gawa kwa sentimita 75 ni 12. Kwa hiyo mgongo mmoja unataka mabati 12 mazima na vipande 12 vya mita 1. Bati moja linatoa vipande 3, kwa hiyo vipande 12 ni mabati 4. Jumla ni 16. Migongo miwili ni 32.

Fundi alisema 45! Darasa lilinyamaza kabisa. Mzee mmoja akasema, "Kumbe 13 ni za nani?"

Sisemi kila fundi ni mwizi. Wengi wa mafundi wetu ni waaminifu, na mwingine huzidisha kwa kuwa hajui hesabu. Mabati moja au mawili ya ziada ni halali, kwani kuna kuharibika. Lakini pima kwanza mwenyewe, kisha mwambie fundi akuonyeshe hesabu yake. Na usisahau kofia za kileleni, hizo hununuliwa mbali na mabati. Ukiwa na kijana nyumbani anayetaka kujifunza kazi hii vizuri, Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanza mwaka 1975, hufundisha ufundi. Bunda tunacho cha Kisangwa.

Dukani utaulizwa, "Unataka geji ngapi?" Hapa watu wengi hudanganyika. Namba ikiwa kubwa bati ni jembamba. Geji 28 ni nene kuliko geji 30, na 30 ni nene kuliko 32. Mtu akikuuzia 32 kwa maneno kwamba namba kubwa ndiyo bora, ondoka. Mabati yakishafika nyumbani yasilazwe chini kwenye udongo, wala yasinyeshewe yakiwa yamebebana. Maji yakikaa kati ya bati na bati hutoa madoa meupe, na hapo kinga ya zinki imeanza kuliwa kabla bati halijapanda juu.

MAPATANO

Andikeni. Karatasi moja ya daftari inatosha, nakala mbili, sahihi zenu na ya shahidi, mathalani mwenyekiti wa kitongoji. Iseme kazi itaanza lini na kwisha lini. Iseme malipo ni kiasi gani na yatatolewa mara ngapi. Mimi napenda mara tatu: kidogo mwanzo, nyingine kenchi zikisimama, iliyobaki baada ya mvua moja kunyesha au baada ya kumwagia maji kwa ndoo. Iseme pia nani anachukua mabati ya zamani. Ugomvi mwingi nilioamuliwa kuusikiliza vijijini umetoka hapa. Fundi huona ni mali yake kwa desturi, wewe umeshapanga kuezekea banda la kuku.

Na sharti lililo kubwa kuliko yote: nyasi zisiguswe mpaka mabati yote, mbao zote, misumari na kofia viwe vimefika uwanjani na wewe umevihesabu.

SIKU YENYEWE

Usifikiri utakaa ndani ukinywa chai. Toa kila kitu, hasa chakula na godoro. Nyasi zilizokaa juu ya moshi miaka kumi zina masizi, vumbi na kinyesi cha popo. Vikianguka, nyumba nzima inakuwa nyeusi. Wafanyakazi wafunge kitambaa puani na mdomoni. Nge na nyoka nao wana makao humo, kwa hiyo nyasi zisishikwe kwa mikono kizembe. Zivutwe kwa uma au jembe. Nyasi zile usizichome karibu na nyumba. Zipeleke shambani, zitaoza na kuwa mbolea.

Kwa paa la bati la zamani tatizo ni misumari. Huruka kila mahali. Mtoto akikanyaga msumari wenye kutu apelekwe zahanati upesi kwa ajili ya pepopunda. Ng'ombe naye akimeza msumari pamoja na majani anaweza kufa, na sisi wa Mara tunajua hasara hiyo. Mzee mmoja wa Nyamuswa alinifundisha jambo zuri: huvunja spika ya redio mbovu, akaitoa sumaku, akaifunga kamba, akaiburuta uwanjani kama mtoto anayecheza gari. Inaokota misumari yote.

Paa likishafunguka utaona yaliyofichika. Mara nyingi mchwa wamekula boriti iliyolala juu ya ukuta, nawe ulikuwa hujui. Fundi atakuita, "Njoo uone, mzee." Panda uone kwa macho yako, uchome kisu kwenye mbao. Kisu kikizama kama kwenye muhogo uliochemshwa, mbao hiyo iondoke. Kwa sababu hii tenga fedha ya dharura, hata sehemu moja kati ya kumi ya gharama yote.

UPEPO WA ZIWANI

Hapa nataka tukae kidogo, maana mapaa mengi ya kwetu hayafi kwa kutu, yanafa kwa upepo.

Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji ya Ziwa Viktoria. Hewa ya nchi kavu hupanda juu, na hewa ya ziwani huja kujaza nafasi yake. Ndio upepo ule mnaoujua wa Mugango na Musoma mjini. Ikija na wingu la radi alasiri, huwa upepo wa kung'oa.

Sasa fanya jaribio. Chukua kipande cha karatasi, ushike ncha moja karibu na mdomo wako, ncha nyingine ianguke. Puliza kwa juu. Karatasi inainuka! Hukuipuliza kwa chini, lakini imeinuka. Paa hufanywa vivyo hivyo. Upepo ukipita juu yake hulivuta kwenda juu, na upepo ulioingia mlangoni nao hulisukuma kutoka ndani. Kwa hiyo kazi ya msumari wa bati ni kulizuia paa lisipae.

Papi, yaani zile mbao nyembamba zinazolala juu ya kenchi, zipigwe misumari imara. Kenchi nazo zifungwe ukutani kwa waya mnene au bamba la chuma. Waya huo usifungwe kwenye tofali la juu peke yake, kwani paa litaondoka na tofali lake. Upite chini ya mistari minne au mitano ya matofali. Msumari wa bati upigwe juu ya mgongo wa bati, si bondeni ambako maji hupita. Pembezoni, kileleni na kwenye kona misumari ikaribiane zaidi.

Wengine hupanga mawe juu ya paa. Ndugu zangu, mawe hukwaruza zinki na kushika maji chini yake, kutu ikaanza papo hapo. Na upepo ukishinda, jiwe linashuka juu ya kichwa cha mtu.

Ngurumo ikisikika fundi ashuke mara moja, hata kama amebakiza bati moja.

MABATI YA SIMENTI

Baadhi ya majengo ya zamani, hasa nyumba za idara na shule, yaliezekwa kwa mabati mazito ya kijivu yanayofanana na simenti. Mengi yana asbesto. Vumbi lake huleta maradhi ya mapafu na saratani, nayo hujitokeza baada ya miaka mingi. Usiyavunje, usiyakate kwa msumeno, wala usiyachukue kuezekea jiko. Toa taarifa kwa afisa afya kabla ya kugusa.

MAMBO MAWILI UTAKAYOYAONA BAADAYE

Bati lina kelele. Usiku wa mvua hamtasikizana. Tena mchana kuna joto, utazikumbuka nyasi. Acha matundu ya hewa juu ya ukuta, na ukipata uwezo weka dari.

Lakini bati linakupa maji. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la yule mama lina mita 9 mara 7, yaani 63 za mraba. Mvua ya milimita 10 ni lita 630. Toa sehemu moja kati ya tano kwa maji yanayopotea, zinabaki lita 504. Ni debe 25 kwa mvua moja, bila kwenda ziwani wala kisimani. Weka mifereji ya bati pande zote mbili, na maji ya mvua ya kwanza yaache yaoshe paa yaende zake.

ZOEZI

Nyumba ya Mzee Fulani wa Kiabakari, pamoja na kutokeza nje, ina paa la urefu wa mita 12 na upana wa mita 8. Mfereji ameweka upande mmoja tu. Mvua ya milimita 15 imenyesha. Atapata debe ngapi za lita 20, baada ya kutoa sehemu moja kati ya tano? Na kama angeweka mifereji pande zote mbili?

Jibu: debe 28 na lita 16. Kwa pande mbili ni debe 57 na lita 12.