Usiogope Choo Baada ya Kupasuliwa Bawasiri

Somo letu la leo linahusu ugonjwa unaoonewa haya. Hapa Nyanda za Juu Kusini mtu mwenye bawasiri, ambayo wengine huiita kikundu, huja zahanati akasema anaumwa mgongo au tumbo. Ukweli huutoa akiwa mlangoni, wakati wa kuaga. Wengine huwa na mpasuko kwenye njia ya haja kubwa, wengine jipu, na wengine nasuri, yaani kijitundu kando ya njia hiyo kinachotoa usaha. Wapo wanaopona kwa dawa na chakula. Wapo wanaolazimika kupasuliwa, nao husafiri kutoka vijijini hadi hospitali kubwa, kama Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Iringa au Tosamaganga.

Kupasua ni kazi ya daktari. Lakini mgonjwa hulazwa siku chache tu, kisha hurudi nyumbani na kidonda chake. Kuanzia hapo wauguzi ni mke, mume, watoto, na sisi wa zahanati. Kwa hiyo tujifunze pamoja.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa mgeni kazini, mzee mmoja mkulima wa mahindi aliletwa kwangu siku ya 6 baada ya kupasuliwa. Tulisalimiana "kamwene", nikatazama kidonda, nikakiona safi. Nikampima joto, hana homa. Nikamwambia anaendelea vizuri. Sikumwuliza habari za choo. Niliona haya, kijana wa umri wa wanawe kumhoji mzee mambo ya chooni.

Kesho yake mama alikuja peke yake. Akasema, "Mwanangu, baba yenu hajapata choo tangu atoke hospitali, na chakula anakataa." Nilipofika nyumbani kwao nikakuta vidonge vya maumivu karibu vyote vimo ndani ya kopo. Mzee alikuwa akiviweka akiba, avimeze siku maumivu yatakapozidi. Tena alikuwa hali makusudi, ili asipate choo. Choo kilipotoka jioni ile kilikuwa kigumu kama jiwe, kikamchana kidonda. Alipiga kelele hata majirani wakaja, na huyu alikuwa mtu wa kujikaza.

Kwa nini ilitokea hivyo? Ngozi ya tundu la haja kubwa ina mishipa mingi sana ya fahamu, kuliko sehemu ya ndani zaidi ya utumbo. Tena pana msuli unaobana tundu hilo. Kidonda kikiuma, msuli hukaza. Msuli ukikaza, maumivu huongezeka. Mgonjwa akiogopa akazuia choo, maji yaliyomo ndani ya choo hunyonywa na utumbo, choo kinakauka na kuwa kigumu. Siku kinapotoka kinachana, na hofu inazidi mara mbili. Kwa hiyo kazi ya muuguzi wa nyumbani ni kuzuia mzunguko huo usianze.

Jambo la kwanza ni dawa ya maumivu. Imezwe kwa saa, si kwa kungoja kuumia. Maumivu yaliyokwisha kupanda ni magumu kushusha, kama moto uliokwisha kushika nyasi za paa. Parasetamoli, ambayo wengi huita panadoli, kwa mtu mzima ni vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, wala visizidi vidonge 8 kwa siku nzima, usiku na mchana. Mtu mwenye uzito chini ya kilo 50, mwenye ugonjwa wa ini au anayekunywa pombe sana apate kiasi kidogo zaidi, kama atakavyoelezwa na tabibu. Angalieni pia dawa za mafua, kwani nyingi zina parasetamoli ndani yake.

Mara nyingi hospitali huongeza dawa kama ibuprofeni au diklofenaki. Hizi mbili ni ndugu, zisimezwe pamoja. Zimezwe baada ya kula. Mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo na mama mjamzito wasizitumie mpaka daktari aseme. Dawa kali zaidi, kama tramado na kodeini, hutuliza vizuri lakini hufunga choo. Akipewa hizo, uliza palepale dawa ya kulainisha choo. Usiondoke dirishani bila kuuliza.

Wengine hupewa pia metronidazoli. Mgonjwa wa metronidazoli asiguse ulanzi, komoni wala kimpumu, hata kikombe kimoja cha kumpongeza kwamba amerudi salama. Najua wageni huja na ndoo.

Jambo la pili ni kulainisha choo, na hili lianze hata kabla ya safari ya hospitali. Ugali uwe wa dona, kwa sababu sembe imeondolewa makapi yanayosaidia choo. Maharage, njegere, kande, majani ya maboga, mlenda, yote yanafaa. Parachichi za Rungwe na Njombe zinajaza malori kwenda kuuzwa mbali. Bakizeni za mgonjwa. Mapapai hutoka Kyela na Usangu kwenye joto. Maji na vinywaji vingine vifike kama lita 2 kwa siku, isipokuwa kwa mgonjwa wa moyo au figo aliyekatazwa. Hapa ndipo tunaposhindwa, hasa mwezi wa Juni na Julai. Baridi ya Mufindi au Makete inamfanya mtu asikumbuke maji kutwa nzima. Basi mpeni yakiwa ya moto, mpeni uji mwepesi, mpeni chai ya rangi. Yote yanahesabika.

Akisikia haja aende mara moja, asingoje. Parasetamoli ikimezwa kama nusu saa kabla ya muda wake wa kawaida wa choo, humsaidia. Asikamue wala asikae chooni muda mrefu. Tangu kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambapo watu wapatao milioni 2 walijifunza kwa vikundi vya redio, tumezoea kuhimizana kuchimba choo. Sasa tutazame pia njia ya kukifikia. Mgonjwa huyu hawezi kuteremka bonde lenye utelezi usiku wa mvua. Choo cha kuchuchumaa kinaweza kumchosha miguu siku za mwanzo, basi mfungieni mti imara wa kushikilia.

Akimaliza, asijifute kwa karatasi ngumu, gunzi wala majani. Ajisafishe kwa maji, kisha akalie beseni la maji ya uvuguvugu kwa dakika 10 hadi 15. Afanye hivyo baada ya kila choo na kabla ya kulala. Uvuguvugu hulegeza ule msuli uliokaza. Pimeni maji kwa kiwiko cha mkono, kama mama anavyopima maji ya mtoto. Aliyechomwa sindano ya ganzi mgongoni asikalishwe kwenye beseni mpaka miguu na makalio yapate fahamu kamili, maana anaweza kuungua asijue. Beseni liwe la kazi hiyo tu. Msitie dawa ya kienyeji, majivu wala spiriti. Maji matupu masafi yanatosha. Kisha mkausheni kwa kugusagusa kwa kitambaa laini.

Mtashangaa kuona kidonda kimeachwa wazi bila kushonwa. Si uzembe wa daktari. Mara nyingi huachwa hivyo ili kipone kutoka ndani kuja nje, vijidudu visifungiwe humo. Kupona kabisa huchukua majuma 4 hadi 6, lakini maumivu makali ni ya juma la kwanza.

Alale ubavu. Nimeona wengine wanamkalisha juu ya ngata ya kubebea ndoo, wakidhani tundu la katikati litampumzisha. Ngata huvuta ngozi pembeni na kidonda hutanuka. Blanketi lililokunjwa ni bora. Pikipiki na baiskeli asipande mpaka apone.

Nawe utajuaje anaumwa kiasi gani? Mwulize, na akubali kusema. Mimi hutumia vidole: ngumi iliyofungwa maana yake hakuna maumivu, vidole 10 ni maumivu yasiyovumilika. Mzee yule aliyekuwa anajikaza alinionyesha vidole 8 bila kutamka neno. Mama anayeona haya mbele ya tabibu kijana apewe nafasi ya kuzungumza na muuguzi mwanamke.

Matone machache ya damu wakati wa choo ni ya kawaida. Lakini mrudisheni hospitali bila kungoja asubuhi ikiwa damu inatoka kwa wingi au mabonge. Jambo hili linaweza kutokea ghafla hata kati ya siku ya 5 na ya 14, wakati watu wamekwisha kusahau. Mrudisheni pia akishindwa kukojoa kwa saa 6 hadi 8, akipata homa na baridi ya kutetemeka, uvimbe ukiongezeka, au maumivu yakizidi kila siku badala ya kupungua. Akikaa siku 3 bila choo, njoni zahanati tumpe dawa ya kulainisha. Msimpige bomba la dawa nyumbani. Kidonda kinaweza kutobolewa.

Mkikutana katika darasa la kisomo, jadilianeni haya. Katika kaya zenu, nani anashika saa ya dawa usiku? Choo kiko hatua ngapi kutoka kitandani? Na mkwe akiwa ndiye mgonjwa, nani atamwuliza kama amepata choo leo?