Mafuriko na Bima ya Nyumba katika Bara ya Mombasa

Mtu anunuaye kiwanja Kisauni au Likoni mwezi wa Februari huonyeshwa mahali pakavu. Udongo ni mgumu, bei ni nafuu, na majirani hawapo. Aghalabu hafikiri kuuliza kwa nini majirani hawapo. Masika yakifika mwezi wa Mei, au vuli ikizidi mwezi wa Novemba, hupata jibu lake, na wakati huo saruji imekwisha kukauka na fedha za miaka kumi zimekwisha kuzikwa katika msingi.

Watu wengi hudhani kuwa mafuriko ni jambo la mito mikubwa, kama Tana na Sabaki, wala si la mji wa pwani ambao bahari i karibu tayari kupokea maji yote. Yafaa fikira hiyo ichunguzwe. Mombasa hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa huanguka katika miezi michache tu. Mvua ya milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Basi mvua ya milimita 100, ambayo yaweza kunyesha kwa siku moja, huangusha juu ya paa la mita 10 kwa mita 10 lita 10,000, yaani madebe 500. Zamani madebe hayo yalinywewa na shamba la minazi na mikorosho. Siku hizi penye shamba pana nyumba mia, kila moja ina bati lake na ua wa saruji, na maji yote hutoka kwenda kwa jirani aliye chini.

Tena, ardhi ya bara ya Mombasa si ya namna moja. Karibu na pwani, upande wa Kisauni na Likoni, kuna mwamba wa matumbawe na mchanga, ambao hunywa maji vizuri mpaka ushibe; na mahali palipochimbwa mawe ya kujengea pamebaki matimbo, ambayo ni mabakuli yasiyo na tundu. Wako watu waliojenga ndani ya matimbo hayo kwa sababu hayana mwenyewe anayeonekana. Changamwe mambo ni mengine. Pale ni juu, na mgeni aweza kudhani kuwa kilima hakina gharika. Lakini chini ya udongo wa Changamwe kuna mwamba laini wa tabaka-tabaka na udongo wa mfinyanzi usiopitisha maji upesi. Mvua huteremka juu ya ardhi kwa nguvu, ikikata makorongo, kuelekea hori ya Port Reitz upande mmoja na hori ya Tudor upande wa pili. Aliye juu hupoteza udongo wa msingi wake, na aliye bondeni huupokea mlangoni.

Liko jambo jingine ambalo wavuvi hulijua kuliko wajenzi. Wakati wa bamvua, bahari ya Mombasa hupanda na kushuka kiasi cha mita 3 na zaidi. Mvua kubwa ikikutana na maji yaliyojaa, mtaro unaomwaga katika hori hauna pa kumwaga, na maji hurudi nyuma mitaani mpaka bahari ianze kupwa. Mikoko iliyokuwa kando ya hori ya Tudor ilipunguza nguvu ya maji na kushika matope. Sehemu kubwa ilikatwa kwa kuni na boriti.

Hakuna awezaye kusema kuwa mambo haya hayajapata kuonekana. Miaka ya 1961, 1997, 2006, 2019 na 2023, maji ya Bahari ya Hindi upande wa Afrika yalikuwa na joto kupita kawaida, na kila mara vuli ya Afrika ya Mashariki ilizidi kiasi. Mwezi wa Novemba 2023 maji yaliingia katika nyumba nyingi za Mombasa, barabara zikafungika, na watu wakahama wakiwa na watoto mgongoni.

Katika Marekani, Serikali ilianzisha bima ya mafuriko ya taifa mwaka 1968, na ramani zikachorwa zigawazo nchi katika sehemu za hatari kubwa na ndogo. Sehemu ya hatari kubwa ni ile ambayo kila mwaka ina nafasi 1 katika 100 ya kufikwa na gharika. Wengi husikia hivyo wakadhani kuwa gharika ikija leo haitarudi mpaka miaka 100 ipite. Sivyo. Kila mwaka kura hupigwa upya. Nyumba ikisimama mahali hapo miaka 30, nafasi ya kufikwa japo mara moja ni karibu 1 katika 4. Ni wachache ambao wangepanda chombo wakiambiwa kuwa katika kila vyombo vinne kimoja huzama.

Kenya haina bima ya taifa ya mafuriko ya namna ile. Kwa hiyo mwenye kununua kiwanja hana budi kuwa mchoraji wa ramani yake mwenyewe. Na aende kukitazama wakati wa mvua, si wakati wa kiangazi. Atazame alama za matope katika kuta za majirani, na kama matete yameota mahali ambapo hapana kisima. Aulize wazee wa mtaa maji ya mwaka 1997 yalifika wapi. Hata majina hufundisha: mtaa wa Ziwa la Ng'ombe, katika Kisauni ya zamani, haukupewa jina hilo kwa mzaha.

Sasa, bima yenyewe. Watu wengi huchangia fedha kwa kampuni, na wachache waliopatwa na hasara hulipwa kutoka katika fungu hilo. Bima ya moto ya nyumba katika Kenya mara nyingi huweza kuongezewa hatari nyingine, na mafuriko ni mojawapo. Lakini neno hilo lazima liwe limeandikwa katika hati. Mtu asiridhike na maneno ya wakala. Asome kampuni yaita nini mafuriko, kwa kuwa maji yapitayo katika bati bovu si mafuriko, wala ukuta uliooza kidogo kidogo kwa unyevu. Asome pia ni kiasi gani cha hasara ya kwanza atakibeba yeye mwenyewe. Na sheria ya bima ya Kenya yataka malipo yatangulie: asiyelipa hana bima, hata akiwa na karatasi mkononi. Anayekwenda kwa wakala mawingu yakiwa yametanda amechelewa.

Kosa moja huwaumiza wengi. Tuseme nyumba yagharimu shilingi 800,000 kuijenga upya, na mwenyewe, ili apunguze malipo, ameiandikisha kwa shilingi 400,000. Gharika yaleta hasara ya shilingi 200,000. Yeye hutazamia kulipwa zote, maana hazijafika 400,000. Kampuni humlipa 100,000 tu, kwa hoja kwamba aliweka bima nusu ya nyumba, na nusu nyingine aliidhamini mwenyewe. Hoja hiyo ni halali.

Katika bara ya Mombasa kuna shida ambayo vitabu vya bima havikuifikiria sana. Watu wengi wana nyumba bila ya ardhi: kuta na paa ni mali yao, lakini kiwanja ni cha mtu mwingine, pengine asiyeonekana kwa miaka. Hao husema kuwa bima si yao kwa kuwa hawana hati ya ardhi. Kwa kanuni ya bima, linalotakiwa ni kwamba mtu apate hasara ya haki kitu kikiharibika, na mwenye nyumba yake hakika hupata. Hata mpangaji aweza kuwekea bima cherehani yake na bidhaa za duka lake. Ugumu uko kwingine: kampuni hupenda nyumba za mawe, na nyumba ya udongo na fito, ambayo huyeyuka kwanza, ndiyo ikataliwayo kwanza. Hilo si haki kwa maskini, lakini ndivyo lilivyo. Mwaka 2020 Kenya ilitoa kanuni za bima ndogo, kwa ajili ya watu wa kipato kidogo, na chama cha akiba cha akina mama au cha wavuvi chaweza kuuliza kwa pamoja jambo ambalo mtu mmoja akiuliza hasikilizwi.

Maji yakisha kuingia, mwenye bima aiarifu kampuni siku ile ile, na kwa maandishi. Apige picha kabla ya kufagia, zionyeshe mstari wa maji ukutani. Vitu vilivyoharibika aviweke mahali pamoja, hata vikinuka, mpaka mkadiriaji wa hasara afike. Magodoro yakiisha kuchomwa, hakuna wa kuyahesabu. Risiti na hati zikae katika mfuko wa plastiki, juu karibu na paa, na nakala yake kwa ndugu akaaye mahali pengine. Dai likikataliwa, aombe sababu kwa maandishi. Na asiporidhika, aweza kupeleka shauri lake bila ya malipo kwa Mamlaka ya Serikali inayosimamia kampuni za bima.