Skafu ya Njano Columbus: Niliyojifunza Ukweni

Nimekulia Temeke, Dar es Salaam, kwenye nyumba ya mashabiki wa klabu ya soka ya Yanga. Babu Yanga, baba Yanga, hata fundi wa mabomba aliulizwa kwanza kabla ya kuingia. Ndoa ikanipeleka Columbus, Ohio, kwa watu ambao nao wana yao.

1. Kagua nguo zako kabla ya kutoka

Novemba yangu ya kwanza kule ilikuwa na baridi ya kupasua midomo. Nikavaa koti la bluu iliyokoza, nililolipata kwenye duka la mitumba la kule, nikajizungushia skafu ya njano ya Yanga niliyofungashiwa na dada yangu. Huyo, kwa wakwe. Baba mkwe alifungua mlango, akanitazama kuanzia shingoni hadi magotini, akaufunga. Taratibu, bila kuubamiza. Nikabaki barazani na bakuli la pilau linapoa mikononi. Mama mkwe ndiye aliyekuja kuniokoa, anacheka hadi machozi, akanivua ile skafu kwa vidole viwili kama anayemng'oa mbwa kupe. Ilikaa kwenye droo ya visu mpaka Jumapili. Bluu na njano ni rangi za Chuo Kikuu cha Michigan, na wiki ile ndiyo ilikuwa wiki yenyewe: ya mechi yao na Ohio State, chuo cha Columbus ambacho wakwe hushabikia.

2. Ugomvi una mizizi mirefu kuliko mpira

Mchezo wao wanauita futiboli, ingawa mpira una umbo la yai na mguu huugusa kwa nadra. Ohio State na Michigan walikutana mara ya kwanza 1897, na tangu 1918 wamecheza kila mwaka, isipokuwa 2020 korona ilipoingilia. Siku hizi ni Jumamosi ya mwisho ya Novemba. Lakini baba mkwe hakuanzia hapo. Yeye alikurudisha 1835, pale Ohio na Michigan zilipokusanya wanamgambo kugombea ukanda wa ardhi wenye mji wa Toledo. Hakufa mtu. Toledo ikabaki Ohio, Michigan ikafidiwa ardhi ya kaskazini na kuwa jimbo 1837. Mzee alizaliwa Toledo, na huko ukoo umegawanyika: nusu nyekundu ya Ohio State, nusu bluu.

3. Jina la mtani halitajwi

Woody Hayes, kocha wa Ohio State kuanzia 1951 hadi 1978, hakupenda kulitamka jina la Michigan. Alisema "timu ile ya kule kaskazini", na mpaka leo ndivyo wanavyosema mezani. Wiki ya mechi, herufi M kwenye mabango ya chuo hukatwa kwa utepe mwekundu. Jina la mama mkwe linaanza na M. Wiki hiyo hata mumewe alimwita kwa jina la pili.

4. Hakuna anayeulizwa cheti

Hili lilinichukua muda. Nilidhani mashabiki wa chuo ni waliosoma pale. Baba mkwe alikuwa fundi wa kuchomelea, hakuwahi kukaa darasa la chuo hata siku moja. Baba yake aliendesha malori. Wa kwanza kupata shahada pale ni mume wangu, na ndiye anayesinzia kabla mechi haijaisha. Uwanja wenyewe, uliofunguliwa 1922, unameza zaidi ya watu 100,000. Uwanja wetu wa Mkapa, Dar es Salaam, unachukua 60,000. Wangapi kati ya wale 100,000 wana shahada ya pale? Nikamkumbuka babu, ambaye nauli ya kwenda uwanjani aliikopa kwa shabiki wa Simba, watani wetu.

Baba mkwe na mume wangu sikuwahi kuwasikia wakiambiana neno la mapenzi. Walizungumzia matairi, bei ya petroli, mvua. Ila bendi ya chuo ilipoandika neno Ohio uwanjani kwa miili ya watu, na mpuliza sousafoni, lile tarumbeta kubwa la kuvaa begani, alipokwenda kwa madaha kusimama kama nukta ya i (kuandika neno hilo ni desturi ya tangu 1936, mwaka ule ule Simba ilipoanzishwa, sikumwambia mtu), mkono wa mzee ulitua begani kwa mwanawe. Ukabaki pale mpaka bendi ilipotoka. Kila mwaka, bega lile lile.

5. Mtoto ana pande mbili

Binti yetu alipozaliwa, fulana nyekundu na kijivu ilifika hospitali kabla ya maua. Mimi nilikuwa na ya Yanga kwenye begi. Tulikubaliana abadilishwe kila anapocheua. Alicheua sana.

6. Mtani ndiye mzikaji

Baba mkwe alifariki Februari. Shemeji yake wa Toledo, mtu wa Michigan kindakindaki, ndiye aliyekuwa akimkumbusha kila sikukuu mechi ya 1950 iliyochezwa ndani ya dhoruba ya theluji, Michigan ikashinda 9–3. Nilisema moyoni, huyu leo itakuwaje? Kwetu mtani ana ruhusa ya kuchekesha watu msibani, hata kudai sanda ya marehemu, lakini huku sijui.

Aliingia kanisani amevaa tai nyekundu. Watu wakageuka. Akaenda hadi kwenye jeneza, akainama, akanong'ona kitu, mabega yakamtikisika. Sikujua ni kicheko au kilio. Ibada ilipoisha alitoka nje, akaivua tai kabla hajafika kwenye gari, akaikunja vizuri na kumpa mama mkwe. Kisha akatoa kofia ya bluu mfukoni, akaivaa, maana theluji ilikuwa imeanza kuanguka.