Ukame na Tofauti ya Watu katika Nchi Moja



Wengi husema ya kwamba ukame ni msiba wa wote, kwa kuwa jua ni moja. Neno hili ni nusu ya kweli tu. Katika somo hili tuitazame nchi ya Kenya, tupate kujua kwa nini ukame ule ule humpunguzia mmoja mali, na mwingine humwondolea mali, afya na elimu ya watoto wake.

1. Ukame wenyewe. Tangu mwisho wa mwaka wa 2020 hata mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilifuatana pasipo mvua ya kutosha, kaskazini na mashariki ya Kenya, na katika Ethiopia na Somalia pia. Katika Kenya peke yake mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa. Mwaka wa 2023 wataalamu wa hali ya hewa walionyesha ya kuwa joto la dunia, litokanalo na kuchomwa kwa makaa ya mawe, mafuta na gesi, limezidisha uwezekano wa ukame wa namna ile kwa uchache mara 100. Maana hewa yenye joto huunyonya upesi unyevu wa udongo na majani. Hata mvua kidogo inyeshayo haikai ardhini.

2. Jinsi unavyowatenga watu. Fikirini mfugaji wa Marsabit mwenye mbuzi kumi, na jirani yake mwenye ng'ombe mia. Malisho yakikauka, wanyama hukonda na bei yao hushuka. Wakati huo huo bei ya mahindi hupanda. Mwenye mbuzi kumi hana budi kuuza kwa hasara, wanawe wapate kula. Mwenye ng'ombe mia hupoteza wengi, walakini hubakiwa na majike ya kuzaa. Mvua irudipo, huyu huanza tena. Yule hana cha kuanzia, wala hapati wa kumkopesha, maana mkono mtupu haulambwi.

Tena hasara si ya mali tu. Maziwa yakikoma, watoto wachanga hudhoofika. Visima vikikauka, mama na binti huenda mbali kuteka maji, na siku ya shule hupotea njiani. Mtoto aliyekosa chakula na masomo kwa miaka miwili harudishiwi hayo kwa msimu mmoja wa mvua.

3. Chanzo cha tofauti. Mwaka wa 1965 Serikali ya Kenya iliandika katika Waraka wa Bunge namba 10 ya kuwa fedha za maendeleo zielekezwe penye ardhi njema na mvua, ambapo zingeleta faida kubwa zaidi. Basi nchi kavu ya kaskazini ikaachwa nyuma kwa barabara, shule na hospitali. Hesabu ya mwaka wa 2015/16 ilionyesha ya kuwa katika watu 100 wa Turkana, 79 walikuwa maskini. Katika Nairobi, 17 tu. Ukame ulipokuja, uliwapiga wale ambao kalamu ilikuwa imekwisha kuwaacha.

4. Dawa yake. Katiba ya mwaka wa 2010 iliweka Mfuko wa Usawazishaji, nusu ya sehemu moja katika mia ya mapato ya nchi, kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme mahali palipoachwa nyuma. Mwaka huo huo Marsabit ilianza bima ya mifugo, ambayo hupima ukavu wa malisho kwa satelaiti. Ni jambo jema. Lakini bima hulipiwa kwanza, na maskini kabisa hana cha kulipa. Kwa hiyo huyo hana budi kusaidiwa mbele, angali na mbuzi wake kumi, wala si baada ya kufa kwao. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Maswali ya kujibu:
1. Kwa nini mvua irudipo maskini hapati nafuu sawa na tajiri?
2. Waraka wa 1965 ulitafuta faida. Ni nani waliolipa gharama yake?
3. Katika kijiji chenu, ni nani atakayeuza kwanza mvua ikikosekana, na mwaweza kumfanyia nini sasa?