Mgeni alisema "shepa", mimi nikamletea chapati

SWALI: Shangazi, mimi ni kijana wa miaka 26, mpagazi wa Mlima Kilimanjaro, naishi Moshi. Nimeishia kidato cha nne. Nataka niwe mwongozaji wa watalii wanaosema Kifaransa, maana Kiingereza huku kila mtu anacho. Tangu mwaka jana najifunza kila usiku kwa programu ya simu. Maneno ninayo mengi, nikiyaona nayatambua. Sasa msimu uliopita tulipanda na Wafaransa. Pale kambi ya Horombo nikamuuliza mama mmoja kwa Kifaransa kama anataka chai au supu. Akanijibu, "Shepa, shepa." Nikaenda jikoni, nikamletea chapati. Wagumu wenzangu, yaani wapagazi, walicheka mpaka wakashika mbavu, na tangu siku hiyo jina langu ni Musyu, yaani "monsieur". Wanasema Kifaransa ni cha waliosoma. Kuna mtu hapa mjini anafundisha, anasema nikilipa shilingi 350,000, miezi mitatu tu nitaongea kama Mfaransa. Nilipe, au niachane na habari hizi? – Musyu, Moshi

JIBU: Mwanangu, usilipe, na usiache.

Tuanze na chapati. Yule mama alikuwa anakwambia "je ne sais pas", yaani sijui. Hivyo ndivyo vitabu vinavyoandika. Lakini Mfaransa akiwa kwenye maongezi yake ya kawaida, tena amechoka na yuko mita 3,720 juu, hiyo "ne" anaitupa, "je" na "sais" anazibana pamoja, kinachotoka ni "shepa" kama ulivyoisikia. Kwa hiyo sikio lako ni zima kabisa. Ila hakuna aliyewahi kulisikilizisha Kifaransa kinavyosemwa. Umekuwa ukijifunza kwa macho.

Na macho katika lugha hii yanadanganya. Sisi tumelelewa na Kiswahili, kilichoandikwa ndicho kinachosomwa, herufi kwa herufi. Sasa chukua kitenzi cha kusema: "je parle", "tu parles", "ils parlent". Kwenye karatasi ni maumbo matatu. Mdomoni ni umbo moja, kitu kama "paghl", na hiyo "-ent" ya wengi haisikiki kabisa. Anayeanza na karatasi anabeba mizigo mitatu, anayeanza na sikio anabeba mmoja. Wewe mambo ya mizigo huhitaji kufundishwa.

Kwa hiyo badilisha kazi ya usiku. Badala ya maneno thelathini, chukua sentensi moja iliyosemwa na Mfaransa mwenyewe. Isikilize bila kuitazama, irudie, kisha sema pamoja naye kwa kasi yake hata kama unamung'unya. Jirekodi kwa simu ujilinganishe naye. Maandishi yaje mwisho. Tovuti ya TV5Monde ina mazoezi ya bure kuanzia ngazi ya chini kabisa, pale panakufaa. Redio ya RFI nao wana taarifa ya habari ya Kifaransa rahisi, ya dakika kama 10, lakini "rahisi" yao kwa anayeanza bado ni ngumu. Iache mpaka mwakani.

Sauti zinazowasumbua watu hazizidi vidole vya mkono mmoja. "R" yao inatoka kooni; itoe jirani na "gh" ya ghali na lugha, utaeleweka, hali Mwingereza anahangaika nayo. "U" ya "tu" ni kusema "i" huku midomo imechongoka kama unapiga mluzi. Ukiilegeza inakuwa "tout", neno jingine kabisa. Zile za puani, kama "bon" na "vin", wengi wetu tunazimaliza kwa "ng'" na kusema "bong'". Ulimi usiguse popote, acha pua ifanye kazi.

Jambo la pili si kosa lako, ni la hiyo programu. Inakufundisha Kifaransa kwa kupitia Kiingereza, unavuka mito miwili kwenda shamba lililo ng'ambo ya mmoja. Mfaransa mwenye njaa husema "j'ai faim": nina njaa. Mwenye kiu, "j'ai soif": nina kiu. Umri wako, "j'ai vingt-six ans": nina miaka 26. Umeona? Ni Kiswahili kitupu. Wanaopitia Kiingereza ndio wanaosema "je suis faim", kosa ambalo bibi yako, asiyejua Kiingereza hata cha salamu, asingelifanya. Hata sifa zao nyingi hukaa nyuma ya jina kama zetu: hema jekundu ni "la tente rouge". Chache, kama "petit" na "grand", hutangulia, hizo utazizoea.

Halafu kuna hili la "le" ya kiume na "la" ya kike linalowatoa watu machozi. Mwanangu, wewe unasema "vikombe vyangu viwili vikubwa vimevunjika", kila neno linafuata ngeli yake, na wala hufikirii. Mtu wa namna hiyo atishwe na ngeli mbili? Unachotakiwa ni kutohifadhi jina likiwa tupu. Sema "la tente", "le sac", "la pluie" tangu siku ya kwanza. Twiga ni "une girafe", wa kike kisarufi hata awe dume. Miisho nayo inasaidia: yenye "-tion" karibu yote ni ya kike, yenye "-ment" mengi sana ni ya kiume.

Sasa maneno gani? Ya kazi yako. Sielewi kwa nini mpagazi wa Moshi akeshe akijifunza kukata tiketi ya treni za chini ya ardhi za Paris. Nunua daftari dogo, andika kila sentensi ya Kiswahili unayomwambia mgeni kuanzia getini mpaka kileleni. Hazifiki hamsini. Tafuta mwongozaji mwenye Kifaransa akurekodie kwa WhatsApp moja moja. "Doucement", polepole. "Buvez de l'eau", kunywa maji. "Vous avez froid ?", unasikia baridi? Na "Vous avez mal à la tête ?" iwe ya kwanza katika daftari, kwa sababu kichwa kinachouma juu kule si mzaha. Jifunze pia majibu yake, kwani mgeni akikwambia kinamuuma sana na anatapika, ukaelewa anaomba chapati, hapo hakuna atakayecheka.

Hesabu nayo. Kila mgeni atakuuliza urefu wa kilele. Uhuru ni mita 5,895, na kwa Kifaransa ni "cinq mille huit cent quatre-vingt-quinze". Hiyo 95 wanaitamka ishirini mara nne na kumi na tano. Ndivyo Wafaransa walivyojipangia. Mbelgiji atakwambia "nonante-cinq", na Wakongo na Warundi vilevile. Jizoeze yote mawili njiani ukiwa na mzigo kichwani, mpaka yatoke bila kuhesabu.

Adabu sina la kukufundisha sana. Salamu kwanza: usimwombe Mfaransa kitu wala kumjibu swali kabla ya "bonjour". Mgeni ni "vous" mpaka yeye mwenyewe akwambie muitane "tu".

Nirudi kwa huyo wa shilingi 350,000. Nani amewahi kuongea kama Mfaransa kwa miezi mitatu? Kwa muda huo mtu mwenye bidii anaweza kusalimia, kujieleza na kuuliza mambo madogo. Anayekuahidi zaidi anakuuzia maneno. Kinachokubalika na waajiri ni cheti cha DELF, ngazi ya A1, A2, B1 na B2. Kikitolewa hakiishi muda wake. Kwa mwongozaji lenga B1, A1 na A2 ni njia ya kufikia hapo. Arusha pana kituo cha kufundisha Kifaransa, Alliance Française. Aprili na Mei, mvua zikiwa kubwa na mlima hauna watu, panda basi uende ukaulize wenyewe ada na ratiba, na uwaombe wakupime kwanza uko ngazi gani. Pengine hayo maneno yako ya simu yatakuvusha darasa la mwanzo kabisa ukaokoa hela.

Na hao wenzako waache wakuite Musyu. Wakikuita, itika "oui", kisha uwaulize kwa Kifaransa wanataka chai au supu. Hapo utakuwa umepata watu kumi wa kufanyia mazoezi, na hawakutozi kitu. Daftari lianze wiki hii, usisubiri Aprili.