Darasa: Skuli, Kandarasi na Uvumbuzi katika Zama za Ukoloni

Darasa yetu ya leo ni juu ya jambo ambalo wengi hulizungumza barazani baada ya sala ya Isha, kila mmoja kwa alivyosikia, na wachache hulitazama kwa dalili. Jambo lenyewe ni hili: ilikuwaje watu wa pwani hii, ambao babu zao walijua kusoma na kuandika kabla ya kuja Mwingereza, wakajikuta nyuma katika kazi za serikali, katika biashara kubwa na katika ufundi mpya?

Wako wasemao kuwa ni uvivu wetu. Wako wasemao kuwa ni dhulma tupu, na sisi hatuna letu jambo. Kauli zote mbili ni nyepesi, na mwenye kuzikariri hapati faida. Njia iliyo bora ni kutazama namna serikali ya kikoloni ilivyoyaendesha mambo matatu: skuli, kandarasi za serikali, na haki ya mtu aliyevumbua kitu. Mwenye mambo hayo matatu ana riziki ya kesho mkononi mwake.

Hali ya nchi

Tukumbuke kwanza kuwa ukanda huu wa maili kumi kutoka baharini ulikuwa ni milki ya Sultani wa Zanzibar, na kwa mapatano ya mwaka 1895 Mwingereza aliuendesha kwa niaba yake na kumlipa kila mwaka. Bara ilipofanywa Koloni mwaka 1920, pwani ilibaki ni Himaya, hata ukafika uhuru wa mwaka 1963. Bendera nyekundu ikipepea juu ya Ngome ya Yesu, na maliwali, mamudiri na makadhi wakikaa katika viti vyao. Watu wetu wengi waliitazama bendera wakatulia. Lakini daftari la mapato na matumizi lilikuwa Nairobi na London, na yaliyoandikwa katika daftari hilo ndiyo yaliyokuwa.

Jambo la kwanza: Skuli

Mwaka 1909 serikali ilimwita mtaalamu mmoja kutoka Bara Hindi, Profesa Fraser, aitazame taalimu ya nchi hii. Shauri lake lilikuwa kwamba Mwafrika afundishwe zaidi kazi za mikono, na kila kabila la watu liwe na skuli zake. Mwaka 1911 ikaundwa Idara ya Elimu. Tangu hapo mtoto wa Kizungu akawa na skuli yake, wa Kihindi na yake, wa Kiarabu na yake, na wa Kiafrika na yake. Fedha nazo hazikugawiwa sawasawa: nyingi zilikwenda kwa wachache. Mwaka 1942 serikali ilipofanya kusoma kuwa ni lazima, iliwalazimisha watoto wa Kizungu, na wavulana wa Kihindi katika miji mikubwa. Mtoto wa Kiafrika hakulazimishwa, maana hakuwekewa skuli za kumtosha wala walimu wa kumtosha.

Kwa Waafrika, serikali ilitegemea zaidi misheni. Tume ya Phelps-Stokes ilipita Afrika ya Mashariki mwaka 1924, na mwaka 1925 serikali ya London ikatangaza siasa yake ya elimu katika makoloni: kushirikiana na misheni na kuzisaidia kwa fedha zile skuli zilizotimiza masharti. Sasa tazama lililompata Muislamu wa pwani. Skuli iliyo karibu naye ni ya misheni. Anakhofu kuwa mtoto ataingia na jina la baba yake atoke na jina jingine, na khofu hiyo haikuwa ya bure. Basi akamzuia mtoto asiende. Chuo chake cha Kurani, kilichomfundisha mtoto kusoma, hakikupata msaada, kwa kuwa serikali haikukihesabu kuwa ni skuli.

Na jambo jingine wengi hawalitaji. Babu zetu waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu: barua, mikataba, tenzi na hesabu za mashamba. Serikali ikatia kazi zake zote katika herufi za Kizungu. Mwaka 1928 mkutano ulifanywa hapa hapa Mombasa wa kuchagua Kiswahili cha skuli na vitabu. Uliochaguliwa ni usemi wa Unguja, si Kimvita. Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya kusimamia hayo katika nchi nne. Hatusemi kuwa herufi hizi ni mbaya. Hata darasa hii tumeiandika kwazo. Tunasema kwamba mzee aliyekuwa msomi asubuhi alihesabiwa kuwa mjinga jioni, naye hakusahau hata herufi moja.

Marhumu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui aliliona hilo mapema. Alitoa gazeti la Sahifa mwaka 1930, na Al-Islah mwaka 1932, kabla ya kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka 1937. Aliwahimiza watu waitafute elimu mpya bila ya kuiacha dini, na waanzishe skuli zao wenyewe. Na yako yaliyofanyika. Chuo cha ufundi cha Waislamu hapa Mombasa, kilichojulikana kwa jina la MIOME, kiliandikishwa mwaka 1948 na kupokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1951, kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, ya Aga Khan, ya Mabohora na ya serikali. Mwaka 1966 kikafunguliwa kwa Wakenya wote, baadaye kikawa Politekniki, na tangu mwaka 2013 ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Kila mtu mjini hupita mbele ya lango lake. Ni wangapi kati yetu wajuao kwamba kilianzishwa kwa ajili ya watoto wa Kiislamu?

Jambo la pili: Kandarasi

Serikali yoyote hununua: chuma, saruji, dawa, karatasi, nguo za askari. Anayeiuzia serikali hupata mali, na watu wake hupata kazi. Basi serikali ya koloni ilinunua kwa nani? Kanuni ilikuwa kwamba vitu visivyotengenezwa ndani ya koloni viagizwe kwa kupitia kwa Mawakili wa Taji, ofisi iliyokuwa London tangu mwaka 1833. Mawakili hao waliagiza zaidi kwa wenye viwanda wa Uingereza, na kwa kazi hiyo wakatwaa ujira wao. Kwa hivyo kodi ya kibanda iliyolipwa na mkulima wa Kilifi ilisafiri hadi London ikanunua misumari, na mfanyabiashara wa Mombasa akaiona misumari ikishushwa bandarini kwake. Yeye alipata ujira wa kupakua.

Reli ya Uganda ni mfano mkubwa. Ilianza Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani, mahali paitwapo leo Kisumu, mwaka 1901, kwa gharama ya zaidi ya paundi milioni tano. Wafanyakazi zaidi ya thalathini elfu waliletwa kutoka Bara Hindi, na kiasi cha 2,500 kati yao walikufa. Katika kazi hiyo ziko khabari mbili za kufundisha.

Khabari ya kwanza: madaraja 27 ya chuma hayakutengenezwa Uingereza. Yalipewa kampuni ya Marekani, kwa kuwa bei yake ilikuwa chini na muda wake mfupi, na Waingereza wenyewe wakalalamika sana Bungeni. Hii ni dalili kwamba hata mkoloni, haja ilipombana, alitazama bei na kazi kabla ya kutazama udugu.

Khabari ya pili ni ya A. M. Jeevanjee, Bohora aliyezaliwa Karachi mwaka 1856. Huyu hakuwa Mzungu, wala hakupendwa na walowezi. Lakini alipata kandarasi za kuleta wafanyakazi wa reli na kuwapelekea vyakula, kisha za majengo. Mwaka 1909 akateuliwa kuingia katika Baraza la kutunga sheria, wa kwanza asiye Mzungu. Alipataje? Alikuwa na mtaji, alikuwa na watu wanaomwamini, na alikuwa na daftari. Aliweza kutia bei yake katika karatasi, kutia sahihi, na kutimiza kwa siku aliyoahidi.

Hapo ndipo tuhisabu nafsi zetu. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, iliyomo katika Suratul Baqara, haikuja kwa sala wala kwa vita. Imekuja kuamrisha deni liandikwe, na mwandishi awe muadilifu, na mashahidi wawepo. Nasi ni watu wa kuisoma aya hiyo kwa tajwidi nzuri, kisha tukakopeshana dukani kwa neno la mdomo, na ndugu wawili wakashirikiana miaka kumi bila ya karatasi, hata akifa mmoja warithi wakafikishana kwa kadhi. Wahenga walikwisha sema: mali bila daftari hupotea bila khabari.

Jambo la tatu: Uvumbuzi

Hili ndilo lisilojulikana kabisa. Hataza ni hati ya serikali inayompa mvumbuzi haki ya kukizuia kitu chake kisitengenezwe na wengine kwa muda maalumu, na yeye kwa upande wake hueleza wazi namna kinavyofanya kazi, ili muda ukipita kiwe cha watu wote. Uingereza iliiwekea sheria jambo hilo tangu mwaka 1624, kwa muda wa miaka 14.

Katika Kenya ya kikoloni, fundi wa hapa hakuweza kuomba hataza hapa. Sheria ilikubali kuandikisha ile tu iliyokwisha tolewa Uingereza. Basi fundi wa Lamu akivumbua namna mpya ya usukani, ilimpasa kwanza aombe London, kwa Kiingereza, kwa michoro na kwa ada, ndipo arudi kuiandikisha katika nchi aliyozaliwa. Nani angeweza? Na ajabu zaidi ni kwamba hali hiyo haikuondoka na bendera. Iliendelea zaidi ya miaka 25 baada ya uhuru, hata ilipotungwa sheria ya mwaka 1989 iliyoanza kutumika mwaka 1990. Leo iko taasisi ya serikali ya mali ya viwanda, KIPI, chini ya sheria ya mwaka 2001. Hataza hudumu miaka 20, na kwa uvumbuzi mdogo iko hati ya miaka 10.

Tusidhani kuwa haya hayatuhusu. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza ilitaka kuliandikisha huko neno la kikoi liwe alama yake ya biashara. Kikoi hiki tunachokivaa! Lau ingefaulu, mfanyabiashara wa hapa angezuiliwa kuiuza nguo hiyo huko kwa jina lake. Watu wa Kenya walipinga kwa hoja na kwa karatasi, na ombi hilo halikufaulu. Lakini mtepe, chombo cha mbao zilizoshonwa kwa kamba za nazi, haukupata wa kuuandikia. Mafundi walikufa na elimu yao, na mwenye kutaka kuuona leo hutazama vielelezo vya makumbusho.

Jawabu ya wenye shaka

Pengine mtu atasema: kandarasi za leo hazipatikani ila kwa rushwa, na Mtume amemlaani mtoaji na mpokeaji. Jawabu yake ni kwamba laana hiyo ni juu ya rushwa, haiko juu ya kandarasi. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 227, imetaka manunuzi ya serikali yawe ya haki, ya wazi na ya kushindaniwa. Sheria pia imetenga sehemu 30 katika kila mia kwa ajili ya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Waaminifu wote wakikaa mbali, nani atakayebaki mlangoni isipokuwa mla rushwa? Anayenyimwa haki kwa uonevu ana mahali pa kushitaki. Asiyepeleka karatasi hana la kushitakia.

Mwingine atasema: wakoloni wametutenda haya, basi na watulipe. Madai hayo yana haki yake. Lakini mtoto aliye na miaka saba leo hatangoja malipo. Mwaka ujao atakuwa na minane.

Yatupasayo

Kwanza, kila mzazi ampeleke mtoto chuoni na skuli pia, mwanamume na mwanamke, wala asiuze kimoja kwa kingine. Pili, kila mwenye duka, chombo au karakana aanze daftari, hata kama ni la kurasa kumi, na kila ushirika uandikwe mbele ya mashahidi. Tatu, vijana waliosoma wakae msikitini jioni moja katika kila juma, wawasaidie wazee na mafundi kuandikisha biashara zao na kuzisoma tenda zinazotangazwa. Nne, fundi aliyebuni kitu asikionyeshe kwa kila mpita njia. Kwanza akichore, akieleze, akapeleke ombi.

Maswali ya darasa

1. Kwa nini mtu aliyejua kuandika kwa herufi za Kiarabu alihesabiwa kuwa si msomi?
2. Kanuni ya kuagiza vitu kwa kupitia London ilimfaa nani, na ilimdhuru nani?
3. Madaraja ya reli yalipewa Wamarekani kwa sababu gani, nasi tupate funzo gani?
4. Tangu mwaka gani Mkenya anaweza kuomba hataza katika nchi yake?
5. Katika mtaa wako, ni ufundi gani utakaokufa na wenyewe usipoandikwa? Mtaje fundi mmoja, na mwende kwake kabla ya darasa ijayo, na kalamu na karatasi.